Scapegoat: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mbuzi aliyeachiwa akageuka wa kafara

Neno la Kiingereza scapegoat halikosekani kwenye mijadala yetu. Waziri akitumbuliwa, kocha akitimuliwa, mhasibu akipandishwa kizimbani, haichukui muda atatokea wa kuandika kwamba huyo ni scapegoat tu, wenyewe wamekaa pembeni wanachungulia. Wanaolitumia ni wengi. Wanaojua kwamba ndani yake kuna mbuzi halisi, wa manyoya na kwato, aliyetembezwa hadi jangwani, ni wachache.

Kwa lugha ya leo, scapegoat ni nani?

Ni mtu au kundi linalobebeshwa lawama za wengine ili hao wengine wapumue. Fedha za mradi zimeliwa na ofisi nzima, anafukuzwa karani wa stoo. Timu imefungwa mabao matano, anazomewa kipa peke yake.

Angalizo: aliyekosa kweli akaadhibiwa kwa kosa lake haitwi scapegoat, hata alie vipi mbele ya kamera. Neno hili limekuwa kinga rahisi kwa watu walionaswa na ushahidi mkononi, na mwandishi wa habari anayelipokea bila kuuliza maswali anawasaidia kujificha.

Limeundwa na maneno gani?

Mawili: scape na goat. Goat ni mbuzi. Scape ni escape, yaani kuponyoka, lililokatwa kichwa. Waingereza wa karne ya 16 walitumia yote mawili bila tofauti. Kwa hiyo ukilifungua neno unapata mbuzi aliyeponyoka.

Escape nalo lina kisa chake. Limepitia Kifaransa kutoka Kilatini cha mitaani, na mzizi wake ni kutoka ndani ya joho: unakamatwa, unamwachia mshikaji vazi mkononi, unatimua mbio. Yusufu alifanya hivyohivyo nyumbani kwa Potifa.

Nani aliliunda?

William Tyndale, padri na msomi kutoka Gloucestershire, Uingereza, aliyezaliwa karibu na mwaka 1494. Enzi zake ilikuwa marufuku kutafsiri Biblia kwa Kiingereza bila ruhusa ya maaskofu. Aliomba ruhusa, akanyimwa, na mwaka 1524 akavuka bahari kwenda bara la Ulaya asirudi tena. Vitabu vitano vya Musa alivitafsiri moja kwa moja kutoka Kiebrania, lugha ambayo Waingereza walioijua walikuwa wa kuhesabika. Vikachapishwa Antwerp mwaka 1530 na kuingizwa Uingereza kwa magendo.

Alipofika sura ya 16 ya Mambo ya Walawi alikutana na neno lililokuwa limewasumbua watafsiri kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano. Akachukua maneno mawili ambayo hata mchunga mbuzi angeyaelewa, akayaunganisha, akaandika scapegoote, kwa tahajia ya wakati ule. Ndiye pia aliyewapa Waingereza neno Passover, jina la sikukuu ya Pasaka. Alikuwa na mkono wa kuunganisha maneno.

Mwaka 1535 alisalitiwa akakamatwa, na mwaka uliofuata akanyongwa kwenye nguzo huko Vilvoorde, karibu na Brussels, kisha mwili wake ukachomwa moto. Jopo lililoandaa Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 lilichukua sehemu kubwa ya kazi yake, mbuzi akiwamo, na kwa njia hiyo neno likaenea kila lilikofika kanisa la Kiingereza. Wapo wanaopenda kusema kwamba Tyndale mwenyewe alikuwa scapegoat. Hapana. Aliuawa kwa jambo alilolifanya kweli, na alilifanya makusudi.

Kiebrania kinasemaje hasa?

Hapa ndipo penye utamu. Agizo lenyewe ni la Siku ya Upatanisho, siku ya kumi ya mwezi wa saba. Haruni achukue mbuzi wawili na kuwapigia kura, mmoja awe wa Bwana, mwingine awe wa Azazeli. Azazeli ni nini? Katika Biblia yote ya Kiebrania neno hilo linaonekana kwenye sura hiyo moja tu, basi hakuna mahali pengine pa kulipima.

Wataalamu wamegawanyika makundi matatu. La kwanza linasema ni jina la kiumbe. Mbuzi mmoja ni wa Bwana, na sentensi imepangwa kwa ulinganifu, kwa hiyo wa pili naye anapaswa kuwa wa mwenye jina. Kitabu cha Henoko, cha Kiyahudi cha karne za mwisho kabla ya Kristo, kinamtaja Azazeli kuwa malaika muasi aliyewafundisha wanaume kufua silaha na wanawake kujipamba, akaishia kufungwa jangwani. Waliopita madrasa huenda masikio yamesimama: katika baadhi ya tafsiri na visa vya Kiislamu, Azazili ndilo jina la Iblisi kabla hajaasi.

Kundi la pili, walimo marabi wa kale, linasema ni mahali, genge kali la mawe huko nyikani. La tatu linalipasua neno vipande viwili, ez ambalo ni mbuzi na azal ambalo ni kuondoka, likapata mbuzi anayekwenda zake. Wayahudi wa Alexandria waliotafsiri Torati kwa Kigiriki walielekea huko. Jerome, kwa Kilatini, karibu na mwaka 400, akaandika caper emissarius, mbuzi aliyetumwa. Tyndale akafuata mkondo huo.

Mimi naona kundi la kwanza lina hoja nzito kuliko mengine, na Waingereza wenyewe walikuja kurudi huko: toleo lao lililosahihishwa la mwaka 1885 liliandika Azazel, likamwondoa scapegoat kwenye aya. Lakini alikuwa ameshatoroka kanisani na kuingia mitaani. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyokamilika mwaka 1952, nayo inasema Azazeli. Kwa hiyo aliyelelewa na Biblia hiyo hajawahi kusoma habari za mbuzi mponyokaji.

Mbuzi huyo alichinjwa?

Hapana, na watu wengi hupotea hapa. Aliyechinjwa ni yule wa Bwana, damu yake ikapelekwa ndani ya patakatifu. Wa pili kisu hakikumgusa. Kuhani mkuu aliweka mikono yote miwili juu ya kichwa chake, akaungama maovu ya watu, kisha mtu aliyeandaliwa kwa kazi hiyo akampeleka nyikani na kumwachia. Mpelekaji alipaswa kufua nguo zake na kuoga kabla ya kuingia tena kambini, maana dhambi ilihofiwa kunata mwilini.

Hayo ni maandiko ya Torati. Baadaye, wakati wa Hekalu la pili Yerusalemu, mambo yalikuwa makali zaidi. Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilika karibu na mwaka 200, inaeleza kwamba mbuzi hao wawili walitakiwa wafanane kwa sura, kimo na bei, wanunuliwe pamoja. Yule wa Azazeli alifungwa sufi nyekundu kichwani. Ilibidi ajengewe njia maalumu ya kutokea, kwa sababu baadhi ya watu walikuwa wakimvuta manyoya na kupiga kelele kwamba achukue aende, achukue aende. Vibanda vilipangwa njiani, na wenyeji wa kila kibanda wakamsindikiza mpelekaji hadi kibanda kinachofuata. Mwisho wa safari palikuwa na genge. Mbuzi alisukumwa kinyumenyume, na Mishna inasema hakufika nusu ya mteremko kabla hajavunjika vipande.

Warumi walibomoa Hekalu mwaka 70. Ibada ya mbuzi ikaishia hapo.

Basi Tyndale alikosea?

Kwa upande wa sarufi ya Kiebrania, huenda. Kwa upande wa Torati yenyewe hakukosea, maana mle mbuzi anaondoka hai.

Lugha nyingine zinamwitaje?

Kila moja ilimtazama kutoka upande wake. Wafaransa wanasema bouc émissaire, beberu aliyetumwa, wakimfuata Jerome. Wajerumani wanasema Sündenbock, beberu wa dhambi. Wao wameutazama mzigo. Waitaliano, Wahispania na Wareno wana mbuzi wa kulipia dhambi. Kiingereza peke yake ndicho kilichobaki kinamtazama anavyotimua vumbi.

Lini neno lilihama kutoka kwa mbuzi kwenda kwa binadamu?

Kwa karibu miaka mia tatu lilibaki zaidi midomoni mwa wahubiri, waliomfananisha mbuzi huyo na Yesu anayebeba dhambi za ulimwengu. Matumizi ya kila siku yanaonekana mwanzoni mwa karne ya 19. Mfano unaotajwa na wanaleksikografia ni wa mwaka 1824, pale Mary Russell Mitford alipowaita hivyo wavulana wa kijijini kwake, ambao kila ubaya uliotokea ulihesabiwa kuwa wao ndio wameufanya. Ukilelewa kijijini unawajua: dirisha likivunjwa, haulizwi mtu, wanaitwa wale wale.

Jambo lenyewe, bila shaka, lilikuwapo zamani kabla ya jina. Moto mkubwa wa London wa Septemba 1666 ulianzia kwenye tanuri la mwoka mikate Thomas Farriner, Pudding Lane. Mji ulikuwa umejaa chuki dhidi ya Wafaransa na Wakatoliki. Akakamatwa Robert Hubert, fundi saa Mfaransa, akakiri kwamba yeye ndiye aliyewasha moto, ingawa maelezo yake yalibadilika kila mara na hata waliomsikiliza walimwona hana akili timamu. Familia ya mwoka mikate ilikuwa miongoni mwa walioiunga mkono hati ya mashtaka, jambo ambalo halishangazi ukizingatia tanuri lilikuwa la nani. Hubert alinyongwa mwezi Oktoba. Baadaye ikathibitika kwamba aliwasili London siku mbili baada ya moto kuanza. Hata hivyo, mwaka 1681 mnara wa kumbukumbu ya moto huo uliongezewa maandishi ya kuwalaumu Wakatoliki, na maandishi hayo yalikuja kufutwa kabisa karibu mwaka 1830. Hakuna mwandishi wa siku hizo aliyemwita Hubert scapegoat. Maana hiyo ilikuwa bado haijazaliwa.

Karne ya 19 ilipoelekea mwisho maana mpya ilikuwa imekomaa kote Ulaya. Kisa kinachotajwa kuliko vyote ni cha Alfred Dreyfus, kapteni Myahudi katika jeshi la Ufaransa, aliyehukumiwa mwaka 1894 kwa kuuza siri kwa Wajerumani na kupelekwa Kisiwa cha Shetani, pwani ya Guiana. Siri aliziuza ofisa mwingine, Esterhazy, na wakuu wa jeshi walipojua waliendelea kumkingia kifua. Dreyfus alisafishwa jina mwaka 1906.

Na ule mchoro wa mbuzi mwenye utepe mwekundu?

Ni wa William Holman Hunt, Mwingereza aliyekwenda mwenyewe hadi Bahari ya Chumvi mwaka 1854 ili amchore mbuzi kwenye mazingira halisi. Ulionyeshwa London mwaka 1856, na watazamaji wengi walibaki wakikuna vichwa: mbona ni mbuzi tu amesimama kwenye chumvi? Mchoro mkubwa uko Port Sunlight karibu na Liverpool. Mdogo, wenye upinde wa mvua, uko Manchester. Mbuzi wa kwanza aliyemtumia kama kielelezo alikufa kwa shida za safari hiyo.

Mbuzi wa zamani na scapegoat wa leo wanatofautiana vipi?

Kama una nafasi ya kusoma jibu moja tu, soma hili. Katika ibada ya zamani hakuna aliyedai kwamba mbuzi amekosa. Alichaguliwa kwa kura, mbele ya watu wote. Na kabla hajaondoka, maovu yalitajwa kwa sauti kuwa ni ya watu wenyewe. Kuungama kulikuja kwanza, mbuzi akafuata.

Scapegoat wa leo kazi yake ni kinyume. Anapatikana ili pasiwe na kuungama. Lazima umma uamini kwamba yeye ndiye mkosaji hasa, vinginevyo mpango unavurugika. Hata uteuzi wake si wa kura: huchaguliwa asiye na mtu wa kumtetea, kama mgeni, maskini, mwajiriwa mpya, au mtu wa kabila dogo. Neno ni lilelile, na bado ukimwambia kuhani wa Yerusalemu kwamba umemtupia mtu kosa lako ukaenda kulala bila kulitaja, angekuambia ibada bado hujaianza.

Mfaransa René Girard, aliyefundisha kwa miaka mingi vyuo vya Marekani na kufariki mwaka 2015, alijenga nadharia nzima juu ya jambo hili. Kwa ufupi: jamii inapotafunana yenyewe kwa yenyewe, chuki za wote hukusanyika kwa mmoja, akishaondolewa, amani inarudi ghafla, na amani hiyo inachukuliwa kuwa ushahidi kwamba alikuwa mbaya kweli. Utaratibu huo, alisema Girard, unafanya kazi pale tu wahusika wasipojua wanachokifanya. Nadharia yake ameitandaza mno, akitaka ieleze kila dini na kila hekaya duniani, na hapo simfuati. Lakini hilo la amani kugeuzwa ushahidi, aliyewahi kufanya kazi kwenye ofisi yenye ugomvi atalitambua mara moja.

Linatumika pia kama kitenzi?

Ndiyo. To scapegoat, kumtwisha mtu lawama zisizo zake, limeonekana kwenye maandishi tangu mwaka 1943. Mwaka wenyewe unajieleza: vita vilikuwa vimepamba moto, Wayahudi wa Ulaya walikuwa wakiuawa kwa kusingiziwa mabalaa yote ya Ujerumani, na wanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport akiwa mmoja wao, walihitaji neno la kuutaja mchakato mzima badala ya mhanga peke yake.

GOAT wanayemwita Messi ndiye mbuzi huyu?

Siye, ingawa wamepishana kwa karibu. Kwenye michezo ya Marekani, hasa besiboli, kwa miaka mingi the goat alikuwa mchezaji aliyeigharimu timu, na wengi hulihesabu kuwa ni kifupi cha scapegoat. Fred Merkle wa New York Giants alibebeshwa lawama za namna hiyo tangu mwaka 1908 kwa kosa la kutogusa kituo, akaishi nazo hadi kufa.

GOAT ya sasa ni herufi za kwanza za maneno yanayomaanisha bora kuliko wote wa nyakati zote. Muhammad Ali ndiye aliyezoea kujiita bora kuliko wote, na mwaka 1992 mkewe Lonnie aliandikisha kampuni kwa herufi hizo. Mwanamuziki LL Cool J akazipa albamu yake ya mwaka 2000, na mitandao ikamaliza kazi. Kwa hiyo mzee wa Kimarekani na mjukuu wake wanaweza kutazama mechi moja, wakamwita mchezaji mmoja mbuzi, mmoja akitukana na mwingine akisifu.

Kwa upande wa kandanda, mbuzi wa maana ya zamani hakuna anayemshinda Moacir Barbosa, kipa wa Brazili aliyefungwa bao la Ghiggia kwenye mechi ya mwisho ya Kombe la Dunia 1950 dhidi ya Uruguay, pale Maracanã. Alilaumiwa hadi alipofariki mwaka 2000. Washambuliaji waliofunga bao moja tu nyumbani kwao hawakusumbuliwa kiasi hicho.

Mwanafunzi wangu ameandika "escape goat". Nimkate alama?

Mkate, maana mtihani una sheria zake. Ila mwambie kwamba bila kujua amemrudisha Tyndale.

Scape ya landscape ni hiyohiyo?

Hapana. Landscape imetoka Kiholanzi, na mwisho wake hauhusiani na kuponyoka.

Wagiriki hawakuwa na kitu cha namna hii?

Walikuwa nacho, na kwao alikuwa binadamu. Athens, kwenye sikukuu ya Thargelia, watu wawili waliochukuliwa kuwa duni walivishwa mikufu ya tini na kufukuzwa mjini ili uchafu wa mji uondoke nao. Waliitwa pharmakoi. Mzizi wa neno hilo ni ndugu wa ule wa dawa, ambao leo umo ndani ya neno famasi.

Kwa Kiswahili niandike mbuzi wa kafara au bangusilo?

Mbuzi wa kafara limezoeleka zaidi, na kila msomaji analielewa. Kasoro yake ndogo ni kwamba linamtaja yule mbuzi wa kwanza, wa kuchinjwa, badala ya yule aliyeachiwa. Sidhani kama inafaa kuligombania. Kafara ni neno lenye ukoo mzuri: limetoka Kiarabu, ambako kaffara ni malipo ya kufuta kosa, kama kulisha maskini kumi kwa aliyevunja kiapo, na mzizi wake wa k-f-r ni ndugu wa ule wa Kiebrania wa k-p-r, uliozaa Kippur, Siku ya Upatanisho ya Wayahudi. Tena pwani kafara haikuwa lazima ichinjwe. Kuna kafara za kutupwa njia panda, na watoto waliambiwa wasiokote kitu pale, kwa sababu anayeokota huondoka na maradhi ya mwenzake. Hiyo inamkaribia mbuzi wa Azazeli kuliko tafsiri nyingi.

Bangusilo limo kwenye kamusi na linaonekana magazetini, hasa kwa waandishi wanaopenda Kiswahili kizito. Ni neno moja, halina mbuzi wala dini ndani yake, na linafaa sana kwenye kichwa cha habari chenye nafasi finyu. Ukilitumia kwa hadhira ya vijana, jiandae kuulizwa maana yake.

Kama unachotafuta ni kitenzi, usihangaike kukiunda. Mtaani wameshasema zamani: kaangushiwa jumba bovu.